Mafuta Kwenye Gurudumu la Kushoto

Lori la majani chai lililokaribia kumtoa dereva wake kwenye usukani halikuwa na kifaa hata kimoja kilichovunjika. Nililifungua mara kadhaa, nikabadilisha kila nilichoshuku, na kila nilichokitoa kilikuwa kizima. Lakini nianze pale nilipoanza mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilishinda nimesimama. Foromani wa gereji ile ya mjini Kericho, mzee aliyetoka Nyeri na kuzeekea kwetu, hakunipa spana. Alinionyesha pikapu iliyoinuliwa kwa jeki, akaniambia niiangalie mpaka arudi.

"Umeona nini?" akaniuliza aliporudi.

"Mafuta, mzee."

"Hata ng'ombe angeona mafuta. Mafuta gani?"

Nikainama kuyatazama tena. Alichovya kidole akaniwekea puani. Yalinuka kama yai lililooza.

"Hiyo ni ya difu," akasema. Difu ni lile bumba la gia katikati ya ekseli ya nyuma, linalopeleka nguvu ya injini magurudumuni. "Ya breki hainuki hivi, na grisi haikimbii hivi. Sasa panguza, ukae chini, ungoje itoke tena. Mafuta ikishasambaa inadanganya. Tone la kwanza ndio inasema ukweli."

Kutoka hapo nilikwenda yadi ya kiwanda cha chai upande wa Sosiot, chini ya fundi mkuu aliyeweza kusamehe kuchelewa lakini si spana chafu. Miaka ikapita, nikapewa yadi ya kiwanda kingine karibu na Kaplong, safari hii fundi mkuu nikiwa mimi. Bosi wangu alikuwa afisa wa usafiri, mtu wa haki asiyependa kusikia neno "labda".

Hapo ndipo lilipokuwa lile lori, na dereva wake Kiplangat. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vituo vya kununulia majani, kupokea magunia ya wakulima na kuyashusha kiwandani kabla majani hayajapata joto. Asubuhi moja niliona unyevu ndani ya gurudumu la nyuma la kushoto. Haukuwa mwingi, doa dogo tu juu ya mawe. Lakini mafuta yakipita oili sili, yaani pete ya mpira inayoyazuia yasitoke kwenye ekseli, yanaingia kwenye lainingi za breki, yale mabamba yanayobana gurudumu lisimame. Lainingi iliyolowa haishiki. Lori likiwa limejaa, kwenye mteremko wenye tope, linashika breki upande mmoja na kuvutwa kuelekea mtaroni.

Nilibadilisha sili. Baada ya muda mfupi ikavuja. Nikabadilisha tena, na beringi pia. Ikavuja. Afisa akaniita pamoja na Kiplangat.

"Malori mengine yako na barabara hizi hizi," alisema. "Hili moja linakula sili. Ni gari mbaya ama ni dereva mbaya?"

"Bwana, mimi naendesha polepole mpaka ng'ombe zinanipita," Kiplangat akasema.

"Ikivuja tena utakaa getini, ufungulie wengine. Sitangoja uniletee watu wamelala mtaroni."

Tulipotoka, Kiplangat hakunilaumu, na hilo lilinisumbua kuliko kama angelaumu. Babake alikuwa dereva wa matrekta ya shamba kubwa, na yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kazi nyingine. "Fundi," aliniambia, "mimi si mtu wa geti."

Nikarudi kwenye somo la foromani wangu. Nilipanguza gurudumu na ekseli yote hadi chuma kikang'aa, kisha nikanyunyiza unga wa mahindi kutoka jikoni mwa kiwanda, ili tone la kwanza lijichore.

"Sasa unataka tupike ugali kwa gurudumu?" Kiplangat akauliza.

"Endesha tu. Ikiiva nitakuita."

Tulizunguka na lori likiwa tupu: unga ukabaki mweupe. Tukaenda naye hadi kituo cha mwisho milimani, tukarudi na mzigo: mstari mweusi ulikuwa umeteremka kutoka kwenye sili. Kwa hiyo lilivuja likiwa limepata moto. Kabla halijapoa, nililegeza nati ya kujazia mafuta kwenye difu. Ikatoa pumzi ndefu, fyuuu, kama sufuria ya maziwa iliyofunikwa.

Ekseli ikifanya kazi hupata joto, na hewa iliyo ndani hutanuka. Ndiyo maana juu yake pana kitundu chenye kofia ndogo tunachokiita briza, cha kutolea hewa hiyo. Nikaingia chini na tochi kuitafuta. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na nundu laini, nyeusi, yenye kung'aa.

Rangi. Kila mwaka, kabla ya mkutano wa wakulima, malori yalioshwa na kupakwa rangi, hata chini. Kiwanda ni cha wakulima, na wazee walikuwa na desturi ya kuinama kuchungulia ekseli kama wanaochagua fahali. Kila mwaka tabaka moja likaongezeka, hadi kofia ikashikamana. Hewa ilipokosa njia ilisukuma mafuta kupita sili nzima. Na kwa nini kushoto? Kituo kikubwa kiko ubavuni mwa kilima. Lori husimama likingoja mizani huku limeinamia upande huo, na mafuta hukusanyika huko.

Nilichokonoa briza, nikailoweka kwenye mafuta ya taa, nikaipuliza. Nikaweka sili mpya, nikiigonga sawasawa kwa kipande cha bomba ili isikae upande. Lainingi nikabadilisha magurudumu yote mawili, maana breki mpya upande mmoja tu ni hatari nyingine. Tukapanda tena milimani na mzigo. Unga ulirudi mweupe.

Afisa alikuja, akainama, akagusa kwa kidole.

"Kwa hivyo ni rangi yetu."

"Ni rangi yetu, Bwana."

Akamgeukia Kiplangat. "Peleka gari kazini. Na usinipite na hiyo uso ya harusi."

Sasa nimestaafu, niko Sosiot na chai yangu ndogo na ng'ombe. Nikipeleka majani kituoni, macho hutangulia kwenye gurudumu la nyuma la lori. Kazi ilinitunza vizuri. Kwenu mnaoanza: msifungue kitu kabla hamjajua kinavuja kikiwa katika hali gani.

Lakini kuna jambo moja. Lilikuwapo lori jingine pale yadini, la aina ileile, lililopakwa rangi na watu walewale, likisimama kituo kilekile. Briza yake niliikuta imezibwa hata zaidi. Nililegeza nati likiwa moto, nikategea sikio. Kimya. Hewa ilikuwa ikitoka mahali pengine, bila kubeba tone la mafuta. Nilinyunyiza unga ekseli nzima nisipate alama, na hadi leo sijui ilitokea wapi. Juzi lilipita hapa kituoni, limejaa, magurudumu makavu.