Ubavu wa Kulia: Mimbari Iliyotoka Mombasa Kwenda Rangwe

Nilitoka Mombasa kwa sababu ya ubavu mmoja wa mbao. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa nakshi hapa Kibokoni maisha yake yote, alikubali kuwachongea waumini wa Rangwe, huko Homa Bay, mimbari ya ngazi tatu ya mvule. Alianza na ubavu wa kulia. Akauchonga mayungiyungi, akauzungushia mnyororo kingoni, akaumaliza, kisha akaugua na kututoka. Mbao nyingine zilibaki tupu, zimeegemea ukuta wa karakana. Kwa wale mliodhani kazi ile imezikwa naye, nawaambieni: patasi za baba nilikuwa nikizinoa tangu sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe. Ubavu wa kushoto ni wangu, mgongo ni wangu, kiti na ngazi ni zangu. Mkiziweka mbavu zile mbili pamoja, mtahitaji jicho kali kutambua upi ni wa mzee na upi ni wa bintiye, wala silisemi hilo kwa unyenyekevu wowote.

Jumatatu asubuhi, stesheni ya Miritini. Mbao nyingine zilikuwa zimetangulia kwa lori lililompelekea ami Swaleh, ndugu yake baba, magodoro ya duka lake mjini Migori. Ubavu wa baba sikumwachia mtu wa lori. Niliufunga kwa leso mbili nikapanda nao treni, nikauegemeza gotini kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

“Hicho ni nini, dada?” aliuliza mhudumu wa behewa.

“Baba,” nilimjibu bila kufikiri. Akanitazama mara mbili, akapita zake.

Jumanne, njia ya Narok. Nililala Nairobi kwa binamu yangu, asubuhi nikapanda basi la Migori. Msafiri wa pwani akitazama nje ya dirisha njia ile huona ardhi ikibadilisha nguo: ngano Narok, majani ya chai Bomet, ndizi Kisii, halafu miwa Rongo, na baada ya hapo joto linarudi hata mtu akajihisi yuko karibu na kwao. Kila basi liliposimama nilipapasa leso zangu. Yungiyungi la juu, lile kubwa la nyuma ya kiti, lilikuwa la mwisho kuchongwa na baba, na nilikuwa nimelikariri kwa vidole.

Alasiri, Migori mjini. Ami Swaleh alinipokea, akanipeleka moja kwa moja kwenye msikiti anaosali, chini maduka, juu pa kusalia. Nilisimama kwenye ngazi za upande wa wanawake nikatazama watu wakitia udhu uani. Wachimba dhahabu wawili waliotoka Masara walikuwa wanajisugua matope hadi juu ya viwiko, na maji yaliyopita mferejini yalikuwa mekundu. Walipomaliza walisimama safuni, bega kwa bega na mwenye duka la simenti.

“Na huyo anayesalisha ni Mluo mtupu,” ami alininong'oneza kwa majivuno, utadhani amemzaa yeye. “Msikie kisomo chake. Utasema amekulia Lamu.”

Nilimsikia, na ami hakutia chumvi. Kila herufi ilitoka pahali pake. Moyo wangu ulijaa nikiwa mbali na nyumbani kiasi hicho, nikaona kuwa baba alijua alikokuwa anaipeleka kazi yake.

Jumatano mchana, Rangwe. Tulirudi Rongo kwa pikapu ya ami, tukakata njia ya Homa Bay na mbao zetu nyuma. Nitawaeleza msikiti wenyewe, maana najua mnauwazia minara. Mnara hauna. Ulikuwa ghala la mahindi kando ya barabara; mwenye ghala aliposilimu, akalitoa. Paa ni la mabati, kuta zimepakwa kijani, spika ya adhana imefungwa juu ya mti wa umeme wa zamani. Ubavuni umeongezwa chumba cha wanawake, kina mlango wake na pazia. Sakafu imepigwa simenti laini na kufagiwa hata ungeogopa kukanyaga.

Aliyetupokea ni imamu wao, ustadhi Ramadhani Ouma, kijana mtengeneza redio, pamoja na mama yake, Mama Zainabu Adhiambo, ambaye ndiye angekuwa mwenyeji wangu. Mama Zainabu alinikumbatia pamoja na ubavu wa baba, vyote kwa mpigo.

“Nyara, karibu,” alisema, akiniita binti yake kwa Kijaluo. “Tumengojea hii mimbari mpaka imamu wetu amezoea kusimama kwa kreti ya soda.”

Magharibi. Hapa ndipo safari yangu ilipogeuka, na nilikuwa nimeshafika. Niliingia chumba cha wanawake, nikasimama nikiuelekea ukuta wa mbele kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikainua mikono. Mara nikahisi viganja viwili mabegani. Mama Zainabu alinizungusha taratibu, akaniacha nikiikabili kona ya chumba.

Baada ya salamu alicheka. “Wageni wote nawageuza. Hapa hatuangalii ukuta, tunaangalia kona. Barabara ilikuja kwanza, ghala ikafuata barabara. Sasa kibla iko kwa kona.”

Nilifunua pazia nikatazama upande wa wanaume. Kweli, imamu alikuwa ameketi konani. Safu ya kwanza nyuma yake ilikuwa ya watu wachache, ya pili ndefu kidogo, ya tatu ndefu zaidi, zote zikikata chumba mshazari. Sisi pwani msikiti huanza kwa mihrabu, na kuta huifuata kibla. Haikuwahi kunijia kuuliza kuta zao zimeelekea wapi. Wao nao walitupa kwa simu vipimo vya upana, kina na urefu wa dari, na jambo walilolizoea hawakuliona kuwa la kusimuliwa. Mimbari yetu ilikuwa na mgongo ulionyooka, wa kuegemea ukuta ulionyooka. Katika chumba kile hapakuwa na ukuta wa namna hiyo.

Alhamisi asubuhi. Tuliiunga hivyo hivyo. Ubavu wa baba ulipoingia mahali pake, wanaume waliokuwepo walisogea karibu, mmoja akapitisha kidole juu ya mnyororo. Hata wasiojua nakshi walijua. Kisha tukaanza kuihamisha.

Tuliiweka kulia kwa imamu, kama desturi ilivyo, ikiwakabili waumini. Pembe ya nyuma, upande wa kulia, ikagonga ukuta mapema, na ngazi ya chini ikatokeza hadi katikati ya safu ya kwanza.

“Tuilaze na ukuta,” ami Swaleh alipendekeza. Tukailaza. Ustadhi Ouma akapanda, akajikuta ametazama pembeni.

“Ami, hapa nitahutubia dirisha,” alisema. Tukacheka, lakini tuliirudisha.

Safu katika sala haikatwi. Ngazi ikitokeza pale, watu wa mkono wa kulia wangetengwa na wenzao, kwa hiyo wangelazimika kuondoka mahali hapo kabisa. Na mwisho wa safu ile, kulia, palikuwa pa mzee Juma Okech, mmoja wa waliosali ghalani humo tangu magunia hayajatolewa yote. Macho yake yamekwisha. Huingia mlangoni, huweka kiganja ukutani, huufuata ukuta hadi akute mahali pake, na hataki kushikwa mkono na mtu. Alikuwepo asubuhi ile, ameketi akitusikiliza tukisukuma.

“Mimi nitaenda nyuma,” alisema. “Msisumbue mtoto wa wenyewe.”

“Huko nyuma utafika namna gani, mzee?” ustadhi alimuuliza.

“Mtanionyesha.” Lakini alilisema akiupapasa ukuta.

Dawa ilikuwa moja, na kila fundi angeiona: kuikata ile pembe ya nyuma mshazari, mimbari ikae na ukuta, irudi nyuma. Pembe hiyo ndiyo iliyokuwa na yungiyungi kubwa. Ustadhi Ouma alikuwa ameshaliona, akatikisa kichwa kabla sijafungua kinywa.

“Hapana, dada. Mkono wa marehemu hautakatwa kwa sababu yetu. Afadhali ile kreti.”

Nilitoka nje. Nililia, na sioni haya kuwaambia, nikiwa nimesimama penye mabomba ya udhu. Nilikuwa nimeubeba ubavu ule kutoka bahari hadi karibu na ziwa bila kuutia hata mkwaruzo. Nilijiuliza baba angesema nini, na kwa kweli sikuhitaji kujiuliza sana. Baba alikuwa hachongi mlango mpaka aulize nani ataupita. Angekuwa hai angeingia ghalani, angeiona kona, angemwona mzee Juma na kiganja chake, na mimbari ingezaliwa na pembe iliyokatwa. Sema hakupata nafasi ya kuiona ile kona. Niliyeiona ni mimi.

Msumeno wa meno madogo sikuwa nao. Mama Zainabu alikimbia kuniazimia kwa fundi Odhiambo, jirani yao wa kanisa la Sabato, ambaye hakuuleta tu bali alivua viatu mlangoni akaja kunishikia mbao isitetemeke.

“Unataka mimi nikate?” aliuliza kwa upole.

“Hapana,” nikamwambia. “Hii ni ya nyumbani.”

Nilisema bismillahi nikakata. Mvule ni mgumu, na jino la msumeno lilipolifikia yungiyungi nililisikia kifuani. Kipande kilianguka mikononi mwa Odhiambo: nusu ya ua, sehemu ya mnyororo, na kijipande cha mgongo wangu vikiwa bado vimeungana. Mama Zainabu akakichukua, akakifunga kwenye leso yangu, akaondoka nacho. Tuliisukuma mimbari nyuma. Ilikaa na ukuta kama iliyoota pale. Kiti kilikuwa chembamba upande mmoja, lakini cha kutosha. Mzee Juma akainuka, akaufuata ukuta wake, akafika mahali pake, akanyoosha mkono mbele akaigusa ngazi ya chini.

“Iko,” alisema. “Na mimi niko.”

Ijumaa mchana. Watu walijaa hadi nje, kutoka Rangwe, Homa Bay mjini na hata wafanyabiashara wa Kosele waliofunga vibanda vyao. Niliingia chumba cha wanawake kutoka jua kali na mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikaona. Ukutani, usawa wa macho, kilikuwa kimefungwa kile kipande. Upande nilioukata ulikuwa umekazwa ukutani, na ubavu wa baba, wenye nusu ya yungiyungi, ukitokeza mshazari. Nilipotazama ulikoelekea, uliielekea kona. Bila shaka: nilikuwa nimekata kwa kuufuata ukuta, na ubavu wenyewe uliwekwa kwa kuifuata kibla, na ukuta huu umeelekea sawa na ule wa wanaume. Mama Zainabu aliliona hilo mbao ikiwa bado mikononi mwa Odhiambo, na mimi fundi sikuliona.

“Nimechoka kugeuza watu mabega,” alisema, akijifanya hanitazami.

Nyuma ya pazia ustadhi Ouma alipanda ngazi, na kila ngazi ilitoa sauti yake niliyoifahamu tangu karakana. Akatoa salamu, akaketi, adhana ikaadhiniwa, akasimama. Alihutubu kwa Kiarabu, akafafanua kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kijaluo, na katika Kijaluo hicho nililisikia jina la baba. Sikuelewa mengine. Wanawake wote waligeuka kunitazama, na nilikaa wima, kichwa juu, nikawaacha wanitazame.

Tulipokuwa tunapanga safu aliingia mwanamke mmoja mwenye vumbi la safari miguuni, mgeni, hakuna aliyemjua. Alisimama akiuelekea ukuta. Akaona ua. Akalifuata kwa macho hadi konani, akajigeuza mwenyewe, akainua mikono. Mama Zainabu alikuwa ameshanyoosha viganja vyake. Akavirudisha kifuani kwake na kuanza kusali.

Jumamosi, njia ya kurudi. Ami alinisindikiza hadi kituo cha basi Migori, akaniuliza kama roho imetulia. Nilimwambia imetulia kuliko nilivyoondoka nayo. Nilikuwa nikidhani msikiti hutangulia na watu huja kuujaza. Rangwe watu walitangulia, wakajisimamisha mshazari ndani ya ghala la mahindi miaka na miaka, na chumba kikawa msikiti kwa sababu ya walivyosimama. Nakshi yetu ya pwani ilikwenda kuwafuata wao, na kwangu hiyo ndiyo heshima yake.

Nyumbani, Kibokoni. Mmekuwa mkija karakanani mmoja mmoja, mmeziona picha, na mmeniuliza kwa sauti ya matanga ni nani aliyethubutu kuukata ubavu wa mzee. Mimbari ile sasa haiwezi kukaa katika msikiti mwingine wowote duniani ila ule mmoja, na ua la baba linawageuza wageni kwenye kibla. Aliyeukata ni mimi.