Kizibao chenye S iliyogeuka

Katika timu yetu ya mpira wa pete kulikuwa na maneno mawili tu ya kuagana: likizo na kanseli. Ukisema likizo, kizibao chako chenye herufi nilikifua, nikakikunja, nikakitunza kwenye mfuko wangu mpaka urudi. Ukisema kanseli, yaani viza imekatwa, khalas, Ijumaa inayofuata kizibao kina mtu mwingine. Sheria hiyo niliitunga mimi. Shule sikuimaliza, lakini ndimi niliyekuwa bibi wa timu, na hakuna aliyethubutu kunibishia.

Wachezaji wetu walikuwa wasichana wa kazi za ndani na usafi, wengi Watanzania. Tulicheza Ijumaa alasiri kwenye mchanga wa Al Qusais, huku Uarabuni, nyuma ya mabweni ya wafanyakazi. Mfungaji wetu, GS, alikuwa mjukuu wangu, msafishaji wa vyumba hotelini. Akiupata mpira chini ya goli, wewe anza tu kupiga makofi. Herufi za kizibao chake nilizishona mwenyewe, na ile S nikaishona imegeuka. Wenzake walimcheka mpaka basi. Akakataa isifumuliwe. "Hii ni S ya bibi yangu," akawaambia.

Wapinzani wetu walikuwa walinzi wa Kiganda wa Jebel Ali. Kocha wao, mwanamke wa sauti nzito, hakumngoja mtu. Basi likishusha walinzi wapya, yeye yuko mlangoni. "Wewe mrefu, simama. Nyoosha mikono. Umewahi kudaka mpira?" Aliyeondoka hasemwi tena. Nikamwambia, "Nyie mnabadilisha watu kama betri."

Akacheka. "Mama, nyinyi munachezesha watu walioko Tanga!"

Siku moja mjukuu wangu akaniambia, "Bibi, naenda likizo. Miezi miwili." Nilimsaidia kufunga sanduku, nikalikalia ili lifungike. Ndani alitia hata mto wake wa kulalia. Nani anakwenda likizo na mto? Niliuona kwa macho yangu haya, nikavuta zipu.

Miezi miwili ikapita, ikafika mitano. Kila nikimpigia simu: "Inshallah, Bibi, mwezi ujao." Nikakataa mtu asivae GS. Tukacheza sita, wenzetu saba, wanatupiga kila tukikutana. Wasichana wakinung'unika, nawakata: "Mwenye nafasi yuko likizo."

Ijumaa moja baada ya kipigo, yule kocha akaja akakaa chini kando yangu, akaomba maji. Safari hii hakucheka.

"Mama, yule wako alikanseli. Msichana wangu analinda lango la hoteli yao. Alimwona siku ile anatoka na karatasi, analia."

"Mwongo mkubwa wewe," nikamwambia. Nikachukua mfuko wangu, nikaondoka.

Nilipofika Al Baraha, kwenye nyumba ninayopika, nikampigia hata kabla sijavua viatu. "Umekanseli?"

"Bibi, ningesema kanseli, ungempa mtu kizibao changu. Nilitaka kitu changu kimoja kibaki huko."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Madam mwenye nyumba akaniita, nikamwacha aite. Mjukuu wangu wa pekee amerudi nyumbani mikono mitupu, miezi mitano anabeba aibu yake peke yake, na aliyemfunza kunificha ni mimi na sheria yangu.

"Rudi basi," nikamwambia, kama mjinga.

"Kwa viza ipi, Bibi?"

Ijumaa iliyofuata yule kocha akatuletea msichana mmoja, mrefu, wa ziada kwao. Nikamwangalia sana. Nikafungua mfuko, nikatoa kizibao. Kilikuwa kinanukia sabuni. Kila wiki nilikuwa nakifua, na hakuna aliyekuwa anakichafua. Nikamvalisha mwenyewe, nikakibana begani kwa pini ya mtandio wangu.

Akajitazama kifuani. "Bibi, hii S imegeuka."

"Naijua," nikamwambia. "Ivae hivyohivyo."