Pipi za Helikopta

Mume wangu alikuwa rubani wa helikopta jeshini. Walipopelekwa kulinda amani nchi jirani, kazi yake ilikuwa kupeleka unga na dawa kwenye mji uliozingirwa na waasi, barabara zote zimefungwa. Kila akija likizo nilimnunulia pipi kwenye duka la jumla hapa Temeke, tukazifunga kwenye leso kuukuu. Akikaribia kutua anafungua kidirisha, anawarushia watoto wa kule.

Siku moja tukila niliwahi kumuuliza kama wanafurahi. Akasema siku ya kwanza walilala kifudifudi, mikono kichwani, maana kinachotoka angani walikijua kwa mabomu tu. Pipi zikawaangukia migongoni na hakuna aliyejitingisha. Kisha akaomba chumvi. Nikampa, tukaendelea kula.

Sasa amestaafu. Juzi tulimfanyia mjukuu wetu mchanga arobaini ya kutolewa nje, na kwetu babu ndiye anayewamwagia watoto pipi wagombanie. Akapewa sinia. Watoto wa mtaa mzima wakajazana uani wakipiga kelele. Yeye akawa anawapa mmoja mmoja, mkononi, polepole, kama anagawa dawa.

Wifi yangu uvumilivu ukamshinda. "Kaka, mwaga bwana! Unatuharibia shughuli."

"Wakiona zinatoka juu watalala chini," akasema.

Watu wakacheka. Mie nilikuwa nimesimama pembeni yake na jagi la sharubati, nikamtazama usoni. Hakuwa anatania.

Nikaweka jagi chini, nikawaambia watoto wapange foleni.