Wewe Piga, Mimi Niwashe

Asubuhi ile Mama Furaha alitaka jua la mbele ya nyumba yake aanike dagaa. Kwangu mimi vita vilianzia hapo, ingawa sijui kama inafaa kuanza habari za vita na dagaa. Niliishia darasa la saba. Naandika ninavyokumbuka.

Ulikuwa mji mdogo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mimi na Yohana tulitoka Tabora kwenda kuuza mchele na asali, tukapanga kwa Mama Furaha, mjane aliyecheka kwa sauti kuliko redio yake. Mwenye duka mmoja wa pale alituachia pikapu yake ya dizeli. Stata ilikuwa mbovu. Ukizungusha ufunguo, siku nyingine inavuta, siku nyingine inasema "ta!" basi. Kwa hiyo kila jioni tuliiegesha barabarani mbele ya nyumba, pua ikitazama mteremko. Asubuhi tunaachia breki, ikishika mwendo tunaitia gia, inawaka. Hatukuona sababu ya kuitengeneza.

"Sogezeni motokari mu kiwanja," Mama Furaha alisema. "Inavuja mafuta, samaki zangu zitanuka."

Siku hiyo ikawaka kwa ufunguo, tukaiingiza uani, penye tambarare na mchanga. Simlaumu. Dagaa walikuwa mali yake.

Lazima nieleze kuhusu Yohana. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na sisi ni watani tangu enzi za misafara, babu zangu walipopita kwao na mizigo kwenda pwani na kulipa hongo, ushuru wa njia. Mtani humtukani kwa chuki, na yeye hana ruhusa ya kukasirika. Tulikuwa tunatukanana tangu chai ya asubuhi mpaka kulala.

Mchana tukasikia milio upande wa mlimani. Mwanzoni nilidhani mtu anagongelea bati. Halafu watu wakaanza kupita mbio kuelekea ziwani, wengine na magodoro.

Mama Furaha akawapandisha wajukuu zake nyuma ya pikapu, na bibi wa jirani asiyeweza kutembea. Nikazungusha ufunguo.

"Ta!"

"Betri hiyo," Yohana akasema.

"Betri gani? Taa zinawaka kali, honi inalia. Betri ingekufa vingefifia. Ni stata."

"Mnyamwezi atajua nini kuhusu gari? Nyinyi kazi yenu kubeba mizigo kichwani."

Akafungua boneti, akakwangua vichwa vya betri kwa kisu, akavikaza. Kwa haki, vilikuwa na ukungu mweupe kweli.

"Ta!"

Tukajaribu kusukuma. Magurudumu yakazama mchangani.

Milio ilikuwa imefika sokoni.

Ilibaki njia moja. Mmoja aingie chini aigonge stata kwa spana ya magurudumu, mwingine azungushe ufunguo wakati huohuo. Lakini aliye chini ya gari hawezi kukimbia.

"Ingia wewe," nikamwambia. "Babu zako waliwatoza babu zangu hongo kila walipopita. Leo rudisha."

"Naingia kwa sababu tumbo lako halipiti. Hakikisha gia iko huru. Ukinikanyaga, nitakudai hongo mpaka ahera."

"Batoto wako mu motokari, nyinyi munacheka!" Mama Furaha akafoka, lakini na yeye alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka. Labda nimeongeza.

Nikavuta breki ya mkono. Nikatikisa gia.

"Wewe piga, mimi niwashe!"

Akapiga. "Ta!"

Bati la jirani likatoboka.

"Piga, Mgogo!"

"Napiga! Washa!"

Ta.

Nikaona miguu yake ikitokeza chini ya mlango, kandambili moja imechomoka. Miguu haikutikisika.

Akapiga.

Ikawaka.

Ilinguruma, ikatoa moshi mweusi uani kote, na Mama Furaha akapiga vigelegele vya harusi, wakati ambao kila mwenye akili alikuwa kimya. Watoto wakampokea. Yohana akatoka chini amejaa oili usoni, akaruka ndani. Dagaa tuliwapita juu.

Njia panda alisimama mtu mwenye bunduki. Sijui alikuwa upande gani. Aliwatazama watoto, akatuondolea gogo la kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. Nimesikia mengi mabaya juu ya wale watu, na naamini mengi yake. Hili nalo nimeliona.

Jioni tulikuwa ndani ya boti, tukiimba. Mama Furaha anaishi Kigoma sasa. Nyumba yake iliungua. Wengi wa mtaa wake hatukusikia tena habari zao, na nikikumbuka tulivyocheka, huwa najiuliza kama tulikuwa na haki.

Yohana alihamia kwetu Itetemia, Tabora, akafungua gereji. Kila gari lililogoma lilituanzishia upya ubishi: ni kule kukwangua betri au kule kugonga stata kulikoiwasha pikapu siku ile? Vyote vilifanyika, kwa hiyo mpaka leo sijui. Ila aliyekuwa chini ni yeye.

Mwaka jana ini lilimmaliza. Msibani, mtani ana kazi yake. Kabla ya kushusha jeneza nikawazuia wote, nikatoa spana ya magurudumu, nikagonga ubao.

"Mgogo! Kama ni betri, sema!"

Makaburi yote yakacheka. Dada yake alicheka mpaka akakaa chini. Mama Furaha, aliyekuja na treni, akapiga vigelegele vilevile.

Nikagonga tena, nikasubiri kidogo.

Halafu nikaweka spana chini, nikashika upande wangu wa jeneza. Kubeba mizigo, alisema siku zote, ndiyo kazi yetu.