Aliyepanda Darini

Nilipoingia kwa jirani yetu mwezi uliopita, hata sijaketi, aliniambia niangalie juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hebu tazama kwanza dari yangu!"

Ilikuwa dari ya jipsamu, nyeupe, ina maua pembeni na taa ndogo nne, kazi ya fundi aliyeletwa kutoka Muheza. Nikatazama, nikasifia, na huku naona aibu. Kama ulikulia kwenye milima hii ya Usambara unajua kwa nini. Sisi tulifinywa masikio kwa kuangalia juu kwenye nyumba ya mtu.

Kwenye mkoba nilikuwa na fomu. Zilikuja ofisi ya kata, za kupendekeza watu wapewe nishani kwa kuhudumia wagonjwa wakati wa magonjwa ya mlipuko, ya sasa na ya zamani. Nilitaka nishani hiyo imfikie bibi yangu angali hai. Fomu inauliza namba ya ajira. Asiye na namba alete saini za kaya tatu alizozihudumia. Nikacheka nilipoisoma, maana bibi aliingia kila nyumba kijijini kwetu. Nikajua nitamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu, ili hasira yangu uielewe.

Enzi hizo dari ilikuwa ghala. Ilikuwa ya fito, juu ya mafiga, na mahindi yalifungwa mawilimawili kwa maganda yake na kuning'inizwa kwenye moshi mpaka yakawa meusi kwa masizi. Makande ya mahindi yale yalikuwa na harufu ya moshi ambayo sijaipata tena popote, hata nikiyapika kwa kuni. Ngazi ilikuwa ya mama mwenye nyumba peke yake. Hata baba hakupanda. Mgeni akiinua macho ilihesabika kwamba anapima wenyewe wamebakiza nini, na hakuna tusi lililozidi hilo. "Angalia moto," bibi alikuwa akiniambia tukikaribishwa mahali, na vidole vyake tayari viko kwenye sikio langu.

Panya nao walipenda darini. Usiku tuliwasikia wakikimbizana juu ya vichwa vyetu, na tuliwazoea. Kisha wakaanza kufa wenyewe, wanaanguka mmoja mmoja hadi jikoni, na baada ya wiki watu wakaanza kuota mitoki, uvimbe wa kinena na makwapa. Tauni. Shule ikafungwa, gulio likafungwa, msibani tukakatazwa kulala. Msimu wa matunda ya plamu ulipita yakiozea chini ya miti kwa sababu hakuna aliyeshuka kuyauza, na mpaka leo harufu ya plamu zilizoiva sana inanirudisha kule.

Serikali ikamleta bwana afya, kijana kutoka Tanga, na dawa ya unga ya kuua viroboto. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee wa kanisa, yule ambaye sikukuu ya mavuno alipeleka magunia mengi mbele ya altare kuliko wote. Bwana afya akapanda ngazi bila kuomba. Akashuka, akasimama uani mbele ya watu, akauliza kwa sauti, "Mama, mbona huko juu hamna kitu? Mnakula nini ninyi?"

Nadhani hata leo hajui alichofanya. Mke wa mzee alifunga kanga yake akaenda kwao Bungu, hakurudi mpaka vuli. Kesho yake milango yote ikafungwa, na dawa ikabaki kwenye debe. Siku nne zilipita hivyo. Katika siku hizo alikufa msichana niliyekaa naye dawati moja, mwenye mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Hapo ndipo bibi alipomfuata bwana afya barabarani akamwambia, "Nipe mimi hiyo dawa. Wewe kaa hapa hapa. Na usiandike kitu."

Bibi alikuwa mkunga. Wanawake walishazoea kumwonyesha wasichowaonyesha wengine. Alivaa suruali ya marehemu babu, akaifunga kwenye vifundo vya miguu kwa kamba za mgomba ili viroboto wasipande, akajitanda kanga mdomoni. Nyumba baada ya nyumba, alipanda ngazi, akapiga dawa, akashuka, akasema, "Mwenyezi Mungu awalinde," na kwenda zake. Jioni alichemsha zile nguo, akalala peke yake kwenye banda la kuni. Mimi nilikatazwa kumsogelea. Aliniwekea hindi la kuchoma juu ya jiwe, akarudi nyuma, ndipo nilichukue. Nilikuwa na miaka minane na nilimchukia kwa jiwe lile.

Mwishowe mtoki ukamtoka na yeye. Wanaume walimbeba kwa machela hadi hospitali. Sindano zilimponya, lakini ziliondoka na sikio la kushoto, ambalo halijasikia tena hadi leo.

Sasa rudi nami kwa jirani. Aliisoma fomu chini ya taa zake nne, akaisoma tena, akanirudishia.

"Kwetu hakufika, mwanangu."

"Mama, alifika. Nilimwona akiingia kwa macho yangu."

"Ulikuwa mtoto. Sisi tulijipigia dawa wenyewe." Kisha akashusha sauti, maana mkwewe alikuwa jikoni. "Unataka niandike kwamba mtu alipanda darini kwangu?"

Nilikwenda nyumba tisa. Kwa wote hakufika. Watu walionionyesha dari za jipsamu nizisifie, mahindi yao siku hizi yamo kwenye mifuko ya plastiki kando ya televisheni ambako kila mpita njia anayaona, bado wanaficha njaa ya zamani isiyo na mtu wa kuicheka. Karani wa kata alisema bila saini hawezi. Nikamwambia nitasaini mimi, ngazi ya nyumbani kwetu aliipanda pia. Akasema ndugu haruhusiwi. Nilitoa maneno ofisini pale ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii.

Nishani ilitolewa. Nilimwona bwana afya kwenye simu, mzee sasa, mvi tupu, nishani inang'aa kifuani. Alisema aliingia nyumba kwa nyumba. Watu wa kijiji chetu walimpigia makofi, na jirani yetu alikuwa mstari wa mbele.

Nikaenda kumwambia bibi. Nilipiga kelele kwenye sikio la kulia mpaka koo likauma.

"Wote wamekana?" akauliza.

"Wote, bibi!"

"Hata jirani?"

"Hata jirani!"

Akatabasamu, rafiki yangu. Alitabasamu kama mtu aliyeletewa habari njema, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira kuliko ofisini. Nikamwambia basi aniambie mimi, mjukuu wake, walau nijue wanachokionea haya. Jirani alikuwa na nini darini?

"Mahindi," akasema.

Na wale wa ng'ambo ya mto?

"Mahindi."

Nikazitaja nyumba zote tisa, na jibu lilikuwa hilo hilo. Mwisho, kwa ukali ambao sijawahi kumwonyesha, nikamtajia ile ambayo kijiji kizima kilijua, nyumba ya mzee wa kanisa.

Bibi alinyoosha mkono wake mkavu, akalitafuta sikio langu, akalifinya.

"Mahindi," akasema. "Yalijaa."