Ndege ya Bulaya

Enzi zile, ukitaka kujua Bulaya kwa wazungu ni mbali kiasi gani, ungeniuliza mimi. Mtaa wetu, Kamalondo nzima, iliniuliza. Kilometa elfu saba na zaidi, nilijibu, nimeshika kiuno kama mke wa gavana. Ndege inatoka hapa Élisabethville, inashuka Léopoldville, inapita juu ya jangwa, halafu bahari, ndipo Bruxelles. Nani alinifundisha? Bwana yangu. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja, na mzungu huyo alikuwa anarudi kwao, ati hawezi kula mkono wa mpishi mwingine, lazima aende naye.

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Alisema baridi ya kule inaua, nami nikaazima sindano kwa masista, nikamfumia sweta zito la sufu, rangi ya majivu, shingo imepinda kidogo upande mmoja.

Siku ya safari tulimsindikiza uwanjani, mimi na binti yetu mgongoni. Sisi weusi tulibaki nje ya waya. Yeye akapita mlango wa mizigo, akapotea nyuma ya jengo. Ndege ikaruka. Nikapunga kitambaa mpaka bega likaniuma. Kumbe nilikuwa nawaaga wazungu watupu!

Tangu hapo, kila ndege ikipita, binti yangu alikimbia uani: "Baba! Baba iko mule!" Majirani wakanitania, Mama Bulaya. Wanaume waliokuja kunizungukazunguka niliwafukuza, mimi ni mke wa mtu. Habari zake sikupata hata moja. Nikajiambia, kilometa elfu saba si mchezo.

Misimu miwili ya mvua ikapita, shangazi yangu akafariki Kipushi. Lori la kutupeleka kilioni lilikuwa limeharibika, basi tukatoka alfajiri kwa miguu, akina mama na beseni za unga kichwani. Jua likiinama tukaingia Kipushi. Mbele ya nyumba ya kona, mtoto mchanga alikuwa anatambaa kwenye mkeka, amevishwa sweta la mtu mzima, mikono imekunjwakunjwa. Rangi ya majivu. Shingo imepinda upande mmoja.

"Jambo, mama, karibu," akanisalimu mwanamke kijana aliyekuwa anasonga bukari motoni. Na mlangoni akatokea bwana yangu, kitambaa cha jikoni begani.

Eh, mama yangu! Beseni likanitoka, unga wote chini. Mwanangu anapungia mawingu, na baba yake yuko hapa anangoja bukari! Nilitaka kumrarua uso. Nikainama nimvue mtoto lile sweta. Mtoto akanitazama, akacheka. Nikamwachia. Yeye hakunidanganya.

Bwana yangu akashusha kile kitambaa begani. Akauliza, kama mtu anayepokea mgeni:

"Mama… umekuya na nini?"

"Na miguu," nikamwambia. "Bulaya haiko mbali."