Pilipili za Obdulia

Kule kwao, milimani Puebla, hakuna asiyejua kwamba pilipili hufuata tabia ya mwenye shamba. Mkorofi huvuna moto. Obdulia alikuwa mpole, kwa hiyo pilipili zake zilikuwa mboga tu, hazikuwasha.

Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua. Nyanya zake ziliiva hadi ndani, giligilani yake ilijiotea hata njiani. Kila msimu alichoma vyote, akavisaga kwenye kinu cha jiwe, akajaza salsa kwenye chupa na kuzichemsha chupa hizo zikiwa zimefungwa, mpaka vifuniko vibonyee. Watoto na wagonjwa waliipenda mno.

Lakini mwaka ule binti yake Noemí alikuwa anaolewa, na salsa ya harusi hutoka kwa mama wa bibi harusi. Siku ya posa, don Eleuterio, baba wa kijana, alionja salsa ya Obdulia, akafuta midomo taratibu.

"Tamu," alisema. "Ya mtoto anayeota meno."

Watu walicheka, Noemí akainamisha kichwa. Tangu hapo Obdulia alitaka kitu kimoja tu: binti yake asiingie ukoo ule akiwa kichekesho.

Wifi yake Crescencia, dada wa marehemu mumewe, alijitolea kumkasirisha. Kisima kilikuwa uani kwake, na kila asubuhi Obdulia alipokuja kuchota maji ya bustani, alimsubiri.

"Wifi, leo umevaa gunia, au gunia ndilo limekuvaa?"

"Limenivaa. Angalau linanitosha, si kama gauni lako la kanisani."

"Hao kuku wako wamechukua sura yako!"

"Ndiyo maana wanataga vizuri."

"Mama yangu! Huyu mwanamke hana nyongo!"

Asubuhi moja Crescencia alichoka, akakaa ukingoni mwa kisima. "Ndiyo maana marehemu kaka yangu alitembea na pilipili kavu mfukoni," alisema, bila hata nia ya kuchokoza.

Obdulia aliweka ndoo chini. "Pilipili za nini?"

"Za kutilia salsa yako ukigeuka. Kwani hukujua, wifi?"

Hakujua. Aliyakumbuka mashati ya Anselmo aliyoyafua, na vumbi jekundu mifukoni ambalo siku zote alidhani ni la matofali, maana mumewe alikuwa mwashi. Na mtu yuleyule alikuwa akifumba macho mezani na kusema, "Obdulia, hapa umefika!"

Aliondoka na ndoo tupu. Hakumsemesha tena Crescencia, wala hakukanyaga kisimani. Maji ya kunywa aliomba kwa jirani, na bustani ikakosa, kwa kuwa mvua nazo zilikuwa zimekatika mapema. Alasiri majirani walimsikia akigombana na marehemu katikati ya mistari ya pilipili.

"Mwongo we! Ungeniambia, si ningejifunza?"

Mara nyingine kicheko kilimkatiza ugomvi, akimwona kichwani Anselmo na mikono yake mikubwa ya mwashi akinyunyiza kwa siri, mradi asimuumize mkewe. Kisha hasira zilirudi. Ni vigumu kumaliza ugomvi na mtu asiyejibu.

Pilipili zilizaa ndogo, zimekunjamana. Alipoanza kuzichoma alikohoa hadi mlangoni, na mbwa akahama. Lakini kuchemsha chupa za harusi nzima kulihitaji maji mengi. Akabeba ndoo.

"Nimekuja kuchota," alisema.

"Chota, wifi." Crescencia alimtazama kwa woga. "Bado umekasirika?"

"Sana."

"Basi nakuomba, usipoe mpaka tujaze chupa ya mwisho."

Walifanya kazi bega kwa bega, machozi yakiwatoka, kila mmoja akisingizia moshi.

Siku ya harusi don Eleuterio alichovya kipande cha tortilla, chapati ya mahindi, kwa maringo, akakitia mdomoni chote. Kipara chake kikawa chekundu, jasho likamtiririka, akaipapasa bia yake kama kipofu. Alipokwisha kunywa, mkono wake ulirudi kwenye bakuli la salsa.

"Jamani," alisema kwa sauti iliyokauka, "nani amemuudhi mama huyu?"

Crescencia alisimama, akanyoosha gauni lake.

"Mimi," alisema.

Noemí alicheka mpaka shela ikamwanguka, na Obdulia akafungua chupa nyingine.